Kura Tatu katika Birika

Kila Jumatatu saa nne asubuhi, fleti ninayofanyia kazi hugeuka ofisi ya chama. Ni fleti ya vyumba vitatu, ghorofa ya saba, Jumeirah Village Circle, hapa Dubai, na wajumbe wa kikao tuko watatu. Mwenyekiti ni mzee ninayemhudumia. Mjumbe wa pili ni binti yake, ambaye ndiye mwajiri wangu na ninamwita madam. Wa tatu ni mimi, katibu. Niliajiriwa kumwogesha mzee, kumvisha, kumpikia, kumpa dawa, na kumshusha chini jioni anyooshe miguu. Habari ya ukatibu hakuna aliyenigusia siku ya usaili. Ningegusiwa, huenda ningebaki Al Rigga nikisukuma mizigo ya wageni wa hoteli. Mgeni wa hoteli akitaka supu anaagiza supu, anakunywa, anaondoka.

Hapa supu hupigiwa kura.

"Ndugu katibu," mzee huanza, akiwa ameketi kichwani mwa meza na koti la suti juu ya nguo za kulalia, kwa sababu kikao hakiendeshwi bila koti. "Tusomee muhtasari wa kikao kilichopita."

Nasoma. Muhtasari nauandika kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu cha kuongea hakijawahi kukubali kukaa kwenye karatasi. Nikiusoma naugeuza papo hapo kuwa Kiingereza cha kuungaunga, ambacho ndicho lugha ya nyumba hii. Mara ya kwanza niliomba radhi kwa jambo hilo. Mzee akasema haidhuru, mihtasari ya kwao iliandikwa kwa lugha yao wenyewe na bado hakuna aliyeisoma.

"Kuna marekebisho?"

"Baba, nina simu ya kazi baada ya dakika ishirini," madam husema.

"Hilo tutalipokea kwenye Mengineyo."

Kisha ndipo tunaingia kwenye mambo yenyewe. Kiyoyozi kiwekwe nyuzi ngapi. Dirisha la sebuleni lifunguliwe au lisifunguliwe, na hii ni Dubai, mwezi wa nane, nje kama mdomo wa tanuri. Supu ya Jumatano iwe ya bitiruti au ya kabichi. Wanaokubali wanyooshe mikono. Wanaopinga. Wasiofungamana na upande wowote. Mimi huku nina sufuria jikoni, nina mashuka kwenye mashine, nina dawa ya saa nne na nusu ambayo mwenyekiti mwenyewe ndiye wa kuimeza, nami nimeketi nimenyoosha mkono kwa ajili ya kabichi.

Kosa ni langu kwa kiasi fulani. Wiki ya kwanza nilimsikia akifoka kwamba nyumba haina utaratibu, nikataka kumfurahisha, nikamwambia kwamba marehemu baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi kule Muheza, na kwamba vikao vilifanyika barazani kwetu, nami ndiye niliyekuwa nikibeba mabenchi. Akaniuliza vikao hivyo viliendeshwaje. Nikamwambia: kuthibitisha muhtasari, yatokanayo na kikao kilichopita, ajenda mpya, mengineyo. Nikamwambia pia kwamba wajumbe waliitana ndugu. Macho yake yakang'aa kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini. Tangu siku hiyo sijaitwa kwa jina langu.

Sasa nieleze mzee mwenyewe ni nani, maana hata mimi ilinichukua muda kuamini. Nchi yao ni ndogo, ya milima, upande wa mashariki wa Ulaya, na kwa miaka mingi ilitawaliwa na wakomunisti. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wao wa mwisho. Anasema walimchagua kwa sababu wengine wote walikuwa wazee au wanachukiwa, naye hakuwa mzee na hakuna aliyekuwa amepata nafasi ya kumchukia. Nchi za jirani zilikuwa zimeshaanza kubadilika. Watu walisimama uwanjani kwenye theluji kutwa nzima wakidai vyama vingine viruhusiwe. Yeye akaitisha kamati kuu, akaleta hoja kwamba viruhusiwe.

Hadithi hiyo ameniambia vipande vipande, mara nyingi nikiwa namsugua mgongo. Alijua kwamba wakinyoosha mikono hoja itakufa, kwa sababu miaka yote kila mjumbe alikuwa akimwangalia wa kulia na wa kushoto kabla ya kunyoosha wake. Akadai kura ya siri. Wakatafuta sanduku la kura jengo zima, wakakosa, halikuwahi kuhitajika. Mwishowe mtu akaenda kantini akaleta birika kubwa la chai ya wajumbe, wakamwaga chai, wakakausha, wakatumbukiza karatasi humo. Hoja ikapita kwa kura moja.

Miezi michache baadaye ukaja uchaguzi, naye akashindwa vibaya. Akakabidhi funguo. Waliokuja walimcheka, kwamba ni mkomunisti. Waliotoka walimwita msaliti. Aliishi miaka mingi na mkewe kwenye nyumba yenye miti michache ya matunda nje ya mji, akitupiwa mayai getini mara na upande huu, mara na upande ule. Mke alipofariki, binti yake, anayefanya kazi ya kupamba majengo hapa Dubai, akamleta akae naye. Hadi leo vijana wa kwao humpigia simu ya video wakimuuliza swali moja: ile kura moja ilikuwa ya nani? Naye huwajibu wote vilevile: "Kura ni siri." Kisha ananiambia nikate simu.

Hayo yote ningeyavumilia. Nimevumilia mengi. Nilipokuwa kidato cha pili baba alifariki, mama akafuatia kulala kitandani miaka miwili, nikaacha shule nikamuuguza, na wadogo zangu watatu nikawalea kwa neno moja: nimesema. Hatukuwa na vikao. Nikisema leo ni uji, ni uji. Nikisema huyu anasoma na huyu anajifunza ufundi, ndivyo. Kila kitu kilikwenda, na kabichi haikuchukua nusu saa.

Kilichonichosha ni ajenda ya safari.

Ilianza mwaka jana. Mzee alitaka kurudi kwao, kwenye ile nyumba yenye miti, akakae huko mpaka mwisho wake. Mpwa wake, mwanamke mwenye nafasi, alikuwa tayari kumtunza. Madam hakutaka hata kusikia. Alisema moyo wa baba yake hauwezi safari, na kwamba kule watamtupia tena mayai. Basi kila Jumatatu hoja ililetwa, na kila Jumatatu ikaanguka, mikono miwili kwa mmoja.

Mkono wa pili ulikuwa wangu. Visa yangu iko kwa madam. Mzee akienda, kazi yangu inaisha, na madam alishaniambia jikoni kwa upole kabisa kwamba hana kazi nyingine ya kunipa. Mdogo wetu wa mwisho yuko chuo cha uuguzi Tanga, amebakiza mwaka mmoja na kidogo, na anayemsomesha ni mimi. Kwa hiyo nilinyoosha mkono pamoja na madam, kila wiki, miezi minane.

Mzee hakuwa mtu wa kunyamaza. "Katibu, leo mkono wako umepanda haraka sana. Unauma?" Au nikiwa namfunga viatu: "Ndugu, unajua kwetu tuliwaitaje watu walionyoosha mkono kabla swali halijaisha? Tuliwaita mawaziri." Usiku hakulala vizuri, mchana akakataa kula. Alipeleka kampeni mpaka mlangoni kwa mlinzi, Mkenya mmoja wa bara ambaye kila tukishuka jioni humpigia saluti.

"Mheshimiwa, leo tunaenda ama hatuendi?"

"Tumezuiwa na wengi," mzee hujibu.

"Hao wengi si ni huyu hapa?" Mlinzi ananinyooshea kidole. "Buda, mwachilie Mheshimiwa aende kwao, bana. Hata mimi nataka kwenda kwetu, ni vile tu sina wa kunipigia kura."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimeshika kigari cha kutembelea, na chupa ya maji, na kofia, na leso.

Jumatatu moja madam alifika mwisho wake. Alikuwa na mteja wa mtaa wa Marina anayemngoja kwenye simu, na mwenyekiti alikuwa amehutubia robo saa juu ya miti ya matunda. Madam akapiga meza kwa kiganja.

"Khalas, Baba! Tupige kura ya mwisho. Ukishinda, nakata tiketi wiki hii hii. Ukishindwa, sitaki kulisikia tena neno hili ndani ya nyumba yangu. Unakubali?"

Mzee akafunga kifungo cha koti. "Nakubali. Kwa sharti moja. Kura ya siri."

"Tuko watatu!"

"Nchi imewahi kubadilika kwa idadi isiyozidi sana hiyo."

Ikaamuliwa kura ipigwe Alhamisi, ili wajumbe wapate muda wa kutafakari. Hilo nalo lilinyooshewa mikono.

Sitasema uongo, nilidhani nimeshaamua. Lakini Jumanne nilikuwa namkata mzee kucha, amesinzia kwenye kiti, mguu wake mapajani mwangu, na nikamkumbuka mama. Miezi yake ya mwisho mama alinitaka nimpeleke kwao, milimani Lushoto, kwa dada yake. Kila asubuhi alinitaka hilo. Hospitali ilikuwa karibu na kwetu Muheza, na wadogo zangu walikuwa wadogo, na mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, nikamwambia hapana, nimesema. Akafia Muheza. Nimejieleza jambo hilo kwa njia nyingi tangu hapo, na njia zote ni za kweli, na hakuna hata moja iliyowahi kunitosha.

Jumatano mchana, wakati mzee amelala, nilimpigia mdogo wangu. Nikamwambia huenda kazi ikaisha, ajiandae, nitatafuta nyingine, lakini huenda akasimama masomo muhula mmoja au miwili.

"Madam amekufukuza?"

"Hapana. Kuna kura."

"Kura gani, kaka?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta pumzi kwa namna ambayo mama alikuwa akivuta.

"Kwa hiyo huko Uarabuni unampigia kura babu wa watu, na maisha yangu mimi umeshayaamua peke yako."

"Nakueleza ili ujue."

"Unanieleza. Hujaniuliza."

"Basi nakuuliza."

"Sasa hivi? Umeshaamua, kaka! Nakusikia kwenye sauti. Ungeniuliza ningekwambia mpeleke. Nafanya mazoezi wodi ya wazee, mimi. Wote wanaomba kitu hichohicho. Lakini hujaniuliza."

Sikujua nimkasirikie yeye, au mzee, au madam, au baba yangu na mabenchi yake. Nilirudi jikoni nikamenya bitiruti mpaka vidole vikawa vyekundu. Bitiruti ndiyo ilikuwa imeshinda wiki hiyo.

Alhamisi saa nne tukakutana. Mzee alikuwa amejinyoa mwenyewe, jambo ambalo madaktari walimkataza kwa sababu ya mikono yake kutetemeka, na alikuwa na vipande viwili vya karatasi ya chooni kidevuni. Mikono hiyo ndiyo iliyotuletea shida ya kwanza: mwandiko wake ungemtambulisha. Wangu pia. Tukajadili. Madam aliangalia saa ya simu yake mara tatu. Mwisho mwenyekiti akaelekeza kila mjumbe apewe punje mbili, haragwe jekundu moja na dengu moja. Haragwe ni kwenda. Dengu ni kubaki. Utaingia jikoni peke yako, utafunga mlango, utatumbukiza moja kwenye birika. Iliyobaki utaificha na hutamwonyesha mtu.

"Dengu ni ndogo," madam akasema. "Ikianguka inasikika tofauti."

Mzee akamtazama kwa heshima ambayo sijamwona akimpa hata siku moja. "Mjumbe ana hoja. Ndugu katibu, weka kitambaa chini ya birika na kingine ndani."

Birika lenyewe ni la udongo, la marehemu mkewe, na halitumiki. Nililikausha, nikaweka vitambaa, mzee akalikagua kwa kuingiza vidole viwili. Kama angekuwa na lakiri angeipiga.

Madam akaingia kwanza. Alitoka haraka. Akaingia mzee na kigari chake, na huko akakaa muda mrefu hata madam akagonga mlango kuuliza kama ameanguka. "Msimsumbue mpiga kura!" ikajibu sauti. Alipotoka hakututazama.

Kisha mimi. Niliingia, nikafunga mlango, nikasimama mbele ya birika nikiona aibu, mtu mzima nimeshika haragwe. Nje ya dirisha mashine ya ujenzi ilikuwa ikizungusha shingo yake. Nikamfikiria mdogo wangu na wodi yake. Nikamfikiria mama. Nikatumbukiza haragwe. Kitambaa kilifanya kazi yake, sikusikia kitu.

Katibu ndiye mhesabu kura. Nililileta birika mezani, nikalipindua juu ya sinia, nikatoa kitambaa. Punje tatu zikabingirika na kusimama. Nyekundu moja. Dengu mbili.

Niliziangalia kama mtu anayesoma barua isiyo yake. Haragwe lile moja lilikuwa langu, hakuna shaka. Basi dengu moja ni ya madam, hilo lilijulikana. Na dengu ya pili?

Madam alishusha pumzi mpaka mabega yakashuka. Akamwekea baba yake mkono begani, kwa upole, kama mtu anayempa pole aliyeshindwa. Kisha, hapo ndipo nilipotaka kulia kwa hasira, akanigeukia mimi akaninong'oneza, "Asante." Kwa hesabu yake haragwe lilikuwa la baba, na dengu ya pili ilikuwa ya mtumishi mwaminifu. Ningesema nini? Kura ni siri.

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. "Matokeo yametangazwa," akasema kwa sauti ya msibani. "Mwenyekiti anayapokea. Katibu aandike kwamba mwenyekiti ameyapokea kwa utulivu."

Nikaandika. Kalamu ilikaribia kutoboa daftari.

Saa nane nilimwingiza bafuni. Nilikuwa simsemeshi. Nilimvua koti, nikalitundika, na kitu kikadondoka kutoka mfukoni kikagonga marumaru na kuruka mpaka karibu na mguu wake. Haragwe. Punje aliyotakiwa kuificha. Tukaitazama wote wawili.

"Mzee," nikasema, "hii ni nini?"

"Haragwe."

"Miezi minane, mzee! Kila Jumatatu. Hukula. Hukulala. Umetuchosha mimi na madam mpaka mlinzi wa mlangoni ananisema. Halafu leo unapewa nafasi, unafungiwa mlango, hakuna anayekuona—"

"Ndugu, kura ni—"

"Usiniambie kura ni siri! Mimi nimepiga kura nirudi kwetu bila kazi! Nimemwambia mdogo wangu asimame masomo!"

"Hukupaswa kuniambia hilo," akasema kwa upole. "Hilo ndilo la siri hasa."

Nikafungua maji, nikayafunga, nikayafungua tena. Nilikuwa naogopa nitamwogesha kwa nguvu. Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki, mwembamba, mifupa ya mabega imetokeza, akinitazama nikihangaika na bomba.

"Wakinitupia mayai," akasema baadaye, "nitajua la kufanya. Nimezoea. Nilisimama pale kwenye birika nikajaribu kuona uwanja wa ndege. Nikamwona mpwa wangu. Nikawaona watu wanaopita na mabegi yao. Wakapita tu. Vijana tu, ndugu. Hakuna hata mmoja aliyegeuka." Akainua mikono ili nimvue fulana. "Hapa angalau nina upinzani."

Nilimsugua mgongo. Baada ya muda nikashindwa kujizuia.

"Na ile ya kwenu? Ile kura moja? Na wewe huko ulifungiwa peke yako na birika?"

"Maji yanapoa," akasema.

Mpaka leo sina hakika kama siku ile, miaka ile yote iliyopita, alipiga kura ya hoja yake mwenyewe. Na sitajua, maana nimekoma kuuliza. Haragwe nililitupa kwenye sufuria pamoja na mengine, kwa agizo lake.

Jioni nikampigia mdogo wangu. Nikamwambia kazi ipo, asome.

"Umeshinda ama umeshindwa?" akauliza.

"Nimeshindwa."

"Kwa hiyo ulipiga ya kumpeleka. Ungeniambia ukiwa uwanja wa ndege wa Dar, sivyo? Na begi."

Nikamwambia Jumapili nitawapigia wote watatu kwa pamoja, tuzungumze habari ya nyumba ya wazee wetu, mabati ya upande wa jikoni yanayovuja, na kila mtu aseme anavyoona. Akauliza kama naumwa.

Nilidhani mambo yamekwisha. Madam alidhani hivyo pia. Jumatatu iliyofuata alikuja mezani na kahawa yake, ametulia, amevaa miwani. Mwenyekiti akavaa koti. Nikasoma muhtasari, wakauthibitisha. Nikafungua ukurasa wa pili.

"Yatokanayo na kikao kilichopita," mzee akatamka. Akakohoa. "Safari yangu ya kurudi nyumbani."

"Baba!" Madam akaweka kikombe chini. "Tulikubaliana! Hutaleta tena hoja hii!"

"Sijaleta hoja. Imetokana."

"Imetokana na nini? Umeshindwa!"

"Kila mjumbe ana haki ya kuomba kura irudiwe. Safari hii kwa mikono, kwa uwazi, tusije tukalaumiana." Akaunyoosha mkono wake juu kabisa, unatetemeka, kidevu mbele, macho yametazama ukutani kama mtu anayepigwa picha ya gazeti. "Wanaokubali mwenyekiti arudi nchini kwake!"

Nilimwangalia. Nilikuwa na sufuria jikoni. Nilikuwa na mashuka. Nilikuwa na miezi minane mgongoni mwangu, na dengu ile. Nikaweka kalamu chini nikanyoosha mkono.

"Wewe!" Madam akanigeukia, mdomo wazi. "Umefanya nini? Mikono miwili! Unajua maana yake?"

Ninajua maana yake, nikamwambia, na sikuushusha. Nilimtazama mzee. Naye alikuwa ameacha kuutazama ukuta. Alikuwa akiutazama mkono wangu, na uso ulimbadilika kama wa mtu aliyesukuma mlango aliodhani umefungwa. Mkono wake ukabaki juu kidogo. Kisha ukaanza kushuka, polepole sana, ukapitia sikioni, ukajikuna hapo, ukaendelea kushuka mpaka mezani, ukatulia juu ya ule mwingine.

"Mwenyekiti anaona," akasema, "kwamba hoja hii bado haijaiva. Inahitaji mashauriano zaidi. Inaahirishwa."

"Mpaka lini?" nikamuuliza. Mkono wangu ulikuwa bado juu, peke yake.

"Mpaka mashauriano yakamilike, ndugu katibu. Shusha mkono."

Madam alimtazama baba yake, akanitazama mimi, akamtazama tena baba yake. Nilimwona akihesabu: punje moja, punje mbili. Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya blauzi, ingawa ilikuwa safi. Simu yake ya kazi ikaita akaiacha iite.

Nikashusha mkono, nikachukua kalamu, nikaandika kwamba hoja imeahirishwa.

"Ajenda inayofuata," mzee akasema, kwa sauti iliyorudi nguvu zote.

"Supu," nikamjibu.

"Baba," madam akasema taratibu, na akavuta kiti chake karibu na cha baba yake, "unataka supu gani?"

"Hilo," akajibu mzee, "si la mtu mmoja kuamua."

Tukajadili nusu saa. Ikapita kabichi.